Nilisema "Mi Sijui"

Siku ile naikumbuka kwa mikono, mwanangu, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa lengalenga mbichi, mchicha wetu. Tulilima mboga pale Carama, pembeni mwa mji, mimi na Esperansi, shamba moja, jembe moja kwa zamu. Tangu utoto nilimjua. Nilijua alivyomuuguza mama yake mwaka mzima bila kununa. Na nilijua kwamba Deo, kijana aliyekuwa akivusha vitenge mpakani Gatumba, alimwona kanisani akamtaka. Yeye, si mimi. Hapo moyo wangu ulianza kuchemka.

Asubuhi hiyo Esperansi alikuwa ameenda kuchota maji. Wakaja wanawake wawili chini ya mwavuli mmoja, mama na dada wa Deo. Kwetu, kabla watu hawajaenda kuposa, kwanza huuliza habari za binti kwa wale wanaoishi naye.

"Dada, pole na kazi. Ule Esperansi, iko mutoto wa namna gani?"

Shangazi yangu Felesita, ninamtaja kwa jina, alisikia kuwa watakuja, akanifundisha jikoni: "Usimuchafue, watakukamata uongo. We sema haujui tu." Basi nikainama, nikaendelea kufunga fungu langu la mboga polepole.

"Mi sijui, mama."

"Haujui? Na munalima pamoja?"

"Apana, mi sijui. Mujaribu kwa wengine."

Wakatazamana. Rafiki yako akikataa kukusemea, watu hujaza wenyewe pale alipopaacha wazi: iko na ugonjwa, iko na mtoto amemficha kwa bibi yake. Wakageuka kuondoka, halafu mama yake Deo akasimama, akanitazama toka kichwa hadi miguu.

"Na we, uko binti wa nani?"

Hilo nililijua! Nilijibu mbio, mpaka babu yangu nikamtaja.

Deo akanichumbia mimi. Siku chache kabla ya harusi Esperansi alikuja kwetu, akakataa kukaa.

"We dada, uliwaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu."

"Ndiyo hicho nimesikia."

Akaenda. Tangu siku ile hatujala sahani moja. Na miaka ilipita hakuna mtu aliyegonga kwao kumuulizia.

Mi sikusoma sana, lakini habari ya Kaini naijua. Mungu alimwonya mapema, akamwambia dhambi inakungoja mlangoni, we ishinde. Kaini akapita palepale. Na alipoulizwa ndugu yake yuko wapi, alijibu nini? Sijui. Mchungaji aliposoma hapo Jumapili moja, niliona kama kanisa zima limenigeukia, na hakuna hata mmoja aliyenitazama.

Deo alinipeleka Gatumba. Mto ulipofurika na maji kuingia nyumbani mara ya kwanza, mimi nilibeba watoto, yeye akabeba vitenge. Mara ya pili alikuwa ng'ambo ya mpaka, Uvira, na akabaki hukohuko kwa mwanamke mwingine. Sisemi Mungu alituma mto kunipiga. Maji yaliingia kwa wema na kwa wabaya, na wengine waliofukuzwa nayo hawakumkosea mtu. Lakini mume wa kuwa naye ndani ya maji yale, huyo nilimchagua mimi, kwa maneno mawili. Felesita alinishauri vibaya, Deo alinitupa, sitawasafisha. Ila hakuna aliyenishika ulimi nikiwa shambani.

Esperansi? Baadaye sana aliolewa na mwalimu mjane, wanakaa Ngagara. Nikipita pale na beseni langu la mboga, naona mapazia yake meupe, nasikia mumewe akicheka ndani, na naharakisha hatua. Ndiyo, mpaka leo. Ulidhani wivu unaisha ukishapata ulichokitaka? Wangu nilihama nao Gatumba, nikarudi nao Carama, na hata mafuriko hayakuuchukua.

Mwaka huu, sokoni, mama mmoja alisimama mbele ya beseni langu.

"Mama, walisema ulikomaa pamoja na Esperansi. Kijana wangu anataka binti yake wa mwisho. Ni watu wa namna gani?"

Moto ukapanda kifuani kama siku ile. Binti yake naye apate, na binti zangu wamekaa tu bila kuposwa? Neno lilikuwa tayari mdomoni, na nakuambia kweli, lilikuwa tamu. Nikaweka fungu la lengalenga chini.

"Ninajua," nikasema. "Kaa, mama, nikuambie."

Nikamwambia yote: mama yule mgonjwa, mwaka ule mzima, na hata shamba letu, na nilichofanya mimi. Harusi ilifungwa. Sikualikwa, na sikustahili.

Mwanangu, wivu utakujia, hauombi ruhusa. Lakini jibu unalotoa ni lako, na utaishi nalo muda mrefu kuliko utakavyoishi na mume, au na nyumba. Ukiulizwa habari ya mwenzako na unajua wema wake, useme palepale, hata kama wivu unakuchoma. Kunyamaza kwako kunaweza kumfungia mtu mlango wa maisha, na wewe ukabaki umesimama nje ya mlango huohuo.

Mungu akulinde dhidi ya nilichokuwa. Akupe rafiki atakayeulizwa habari zako siku haupo, na ajibu: ninamjua.