Jicho la Matabishi

Katika soko la kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wanawake wanaouza unga wa muhogo hukaa mstari mmoja, kila mmoja na kopo lake la kupimia. Georgette, ambaye sokoni huitwa Mama Bienvenu, hujaza kopo, hulisawazisha kwa kiganja, kisha humimina unga katika mfuko wa mteja. Baada ya hapo mkono wake hurudi guniani, huchota konzi iliyojaa na kuiongeza juu. Wakongo huiita konzi hiyo matabishi. Chakula cha msaada kilipopunguzwa, wauzaji wengine waliacha kuitoa. Yeye hakuacha.

"Mama Bienvenu," Liliane, jirani yake wa mstarini, humtania, "siku moja utapana mpaka kopo lenyewe, ubaki unapima na kiatu."

"Kiatu kinabeba mingi kuliko kopo. Wateja watafurahi."

Kanisani si msemaji. Jumapili moja mchungaji alimwomba aeleze kwa nini hutoa namna ile. Alisimama, akasema, "Kopo ni haki ya mteja. Matabishi ni ya Mungu," akaketi. Wanaomfahamu wanajua alichomaanisha. Alitoka Fizi, kule Kongo, akikimbia vita na mtoto mgongoni, na wengi waliokuwa wakikimbia naye hawakufika. Tangu siku ile, kwake kila asubuhi anayoamka ni konzi iliyoongezwa juu ya kipimo.

Kisha jicho lake la kushoto likazibwa na mtoto wa jicho. Akawa anamwaga unga nje ya mifuko ya wateja. Jicho la kulia nalo likaanza kuona ukungu. Alingoja miaka miwili, hadi jina lake lilipoingia katika orodha ya watu kumi na wawili wa kambini wa kupelekwa hospitali ya Mbarara kupasuliwa.

Asubuhi ya upasuaji, hospitalini, wote kumi na wawili walikaa kwenye benchi, kila mmoja amebandikwa plasta juu ya jicho litakalopasuliwa. Mwanamume mmoja mwenye fimbo ya kuchungia aliingia, akamwendea muuguzi.

"Mama yangu haone macho yote mbili," alisema. "Nimemwacha pale getini. Siku ya kuandikisha alikuwa kwangu Endiinzi."

"Ssebo, bwana wangu, orodha imejaa. Ni watu kumi na wawili tu."

"Mama yako anaitwa nani?" Georgette aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Nyirabahire. Mimi ni Kabanda."

Majina hayo yalitosha. Yalikuwa majina ya wafugaji wa milima ya kwao. Kule milimani, watu wa Georgette na watu wa Kabanda walikuwa wamechomeana nyumba. Mikono ya Georgette ilikuwa imelala mapajani. Kisha akainua mkono mmoja, akabandua plasta.

"Nyabo, mama, usitoe hiyo," muuguzi alisema. "Hata jicho ingine linaanza kuharibika. Na gari lingine hatujui litakuja lini."

"Nimesikia. Lakini mimi niko na jicho moja lenye kuona. Ile ya pili ni matabishi."

Muuguzi alifungua faili lake. "Matabishi ni ugonjwa gani?"

Kabanda alicheka bila kutaka, akafunika mdomo.

"Si ugonjwa," Georgette alisema. "Ni ile konzi ya juu, ya unga. Haiuzwe. Ni ya kupana tu. Mupe mama yake."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa ndani ya gari lililowaleta hadi safari ya kurudi, ili asishukuriwe. Nyirabahire alipoingizwa kupasuliwa jicho, aliambiwa na mwanawe jambo moja tu: nafasi ile imetoka kwa muuza unga anayetoa matabishi. Kabanda hakujua jina la mama huyo.

Wiki tatu baadaye, mwanamke mzee mrefu, kitenge kimefungwa begani, alifika sokoni peke yake. Alianza mwanzo wa mstari. Kwa kila muuzaji aliomba kopo moja, akatazama mkono unavyojaza na kusawazisha, akapokea mfuko wake na kusogea. Alipita kwa Liliane hivyo hivyo. Alipofika kwa Georgette, kopo lilijazwa, likasawazishwa, likamiminwa. Kisha mkono ukarudi guniani.

Mzee aliushika mkono ule ukiwa bado umejaa unga. Aliutazama, akaupindua, akautazama tena, kama mtu anayesoma.

"Ni weye," alisema.

Georgette hakukana.

"Na jicho lako?" Nyirabahire aliuliza.

"Linangoja gari."

Nyirabahire alizunguka gunia, akasogeza kigoda cha Liliane bila kuomba ruhusa, akaketi upande wa kushoto wa Georgette.

"Huku nitaona mimi," alisema.

"Mama mzee, hicho kigoda ni changu," Liliane alisema. Kisha akageuza ndoo yake na kuikalia.

Gari la Mbarara halijarudi hadi leo. Lakini kila siku ya soko utamkuta Nyirabahire pale pale, upande ule ule. Unga haumwagiki tena. "Mama Bienvenu," humwambia taratibu, "mteja, mkono wa kushoto." Na Georgette hugeuka, akiwa tayari ameshika kopo.