Jino la Mpiga Nzumari

Jirani yangu Mwarandu hupiga nzumari harusini, na tangu tuhamie huku mashambani nyuma ya Kisauni sijaacha kumkodolea macho: pumzi ile yatoka wapi? Mashavu yavimba, macho yatoka, sauti haikatiki. Nikimuuliza hucheka. "Dada Selpher, wewe utaniuliza mpaka kaburini."

Mwezi uliopita jino la juu la mbele likamshika, pale pale midomo inapokazia nzumari, na ana harusi Kiembeni! Daktari wa meno huja zahanati yetu siku moja tu kwa mwezi. Wa kulipia hutaka zaidi ya malipo ya harusi nzima. Basi akangoja, karafuu mdomoni kutwa, kama tufanyavyo sote.

Siku ilipofika nikamsindikiza, mimi na umbeya wangu. Daktari, binti aitwaye Lamis, akamwamkia, "Shikamoo baba," kisha akagonga jino moja moja. "Hili? Hili je?" Mwarandu akatikisa kichwa. Lo! Karafuu imetia ganzi kinywa kizima, mtu hajui tena ni lipi kati ya meno ya mbele! Na mashine ya picha hakuna.

"Sing'oi kwa kubahatisha," akasema Lamis. "Rudi mwezi ujao, bila karafuu."

"Ngoja kwanza, mwanangu." Mwarandu akatoa nzumari kikapuni, akapuliza. Foleni nzima ikageuka, kina mama wakaanza kutikisa mabega. Alipopandisha sauti, ikakatika ghafla. Akaweka kidole. "Hili hapa."

Nilipiga vigelegele, nakwambia!

Lamis akachungulia kwa tochi, akachungulia tena, uso ukamshuka. "Baba, tundu halijafika mbali. Hili ni la kuziba, si la kung'oa."

"Basi lizibe."

"Sina dawa ya kuzibia. Tumeomba, haijaja. Huku ni kung'oa tu. Hospitali ya kule kisiwani wataziba, lakini foleni yao ni miezi mitano."

Nikapandwa na hasira. "Sasa kiti hiki cha meno mlituletea cha nini?" Binti akainama. Wala kosa si lake.

Mwarandu alikuwa hajalala wiki mbili. "Likitoka, nitalala?"

"Utalala, baba."

Akaniwekea nzumari mapajani, akafungua kinywa.

Jumamosi, Kiembeni walicheza kwa spika. Mwarandu alikuja kama mgeni, akapewa pilau, akaila polepole kwa upande mmoja. Bibi mmoja akamuuliza mbona leo hakuleta nzumari. Akacheka, mdomo ameufunga.