Panya wa Ghala la Nta

Harufu ya nta ikinipata, hata kanisani mishumaa inapozimwa, mimi hufumba macho. Wajukuu hudhani bibi anasali. Sisali, jamani. Nimerudi kijijini Ipole, mtoto wa umri wa kuchunga mbuzi, nimekaa peke yangu katika ghala la nta la mume wa Shangazi, bakuli langu la mti mapajani.

Enzi hizo tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Mama yangu alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, na baada ya matanga Baba akaenda Tanga kukata mkonge, akaniacha kwa dada yake. Shangazi alikuwa na binti wa rika langu, Kabula, na kichanga cha kunyonya. Wanawake wa nyumba ile tulikula pamoja jikoni, bakuli moja la ugali, jingine la mlenda, na anayechelewa shauri yake. Mimi na Kabula tuligombania ukoko kila jioni mpaka tunapigwa mwiko. Nilikuwa yatima, ndiyo, lakini pale bakulini nilikuwa mtu kamili.

Mchana tulishinda mbugani, tukipapasa kambale kwenye madimbwi, matope mpaka mabegani. Shangazi alifoka, "Iko siku mtaota sharubu kama kambale nyie!" Tulicheka tukarudi matopeni.

Siku moja ikaja Landrova kwa njia ile ya zamani ya wapagazi, imemleta dresa, mhudumu wa hospitali, bwana mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikanyooka. Kila mtoto akachomwa kisindano juu juu ya ngozi ya mkono, akaambiwa asijikune na arudi siku ya tatu. Dresa alisema hicho ni kipimo cha kifua kikuu tu, chanjo yenyewe itafuata. Nani alimsikiliza? Sisi tulizoea chale za mganga. Mtoto alichanjwa, akapakwa dawa, na chale ikivimba watu walifurahi: dawa imekolea! Ikibaki bapa, mganga alirudiwa.

Basi mkono wangu ukavimba. Ukavimba ukawa mgumu, wa moto, na wa Kabula ukabaki bapa kama haujaguswa. Lo, nilivyoringa! Nilipita nyumba kwa nyumba nimeutanguliza mkono, nikiwaamkia wakubwa shikamoo ilimradi tu wauone. "Pole, mwenzangu," nikamwambia Kabula, "yako haikukolea." Kabula alilia siku nzima.

Siku ya tatu dresa akaupima uvimbe wangu kwa rula, akanisogeza kando. Wenye mikono bapa ndio waliochanjwa.

"Na huyu je?" Shangazi akauliza.

"Huyu chanjo haimfai tena. Mwili wake umeshakutana na mdudu. Akianza kukohoa, mleteni hospitali."

Alitaka kuendelea, lakini foleni ilikuwa ndefu, na Shangazi alikuwa ameacha kusikia. Aliniangalia kama alivyomwangalia Mama siku zake za mwisho, kwa maana yeye ndiye aliyemuuguza. Kisha akakikumbatia kichanga chake, akaniambia nitembee mbele.

Jioni ile nikapewa bakuli langu, kata yangu ya maji na mkeka ghalani. "Tahadhari kabla ya hatari, mwanangu," alisema, macho yakiwa chini. Kabula akakatazwa kunikaribia. Nilibana pumzi usiku nisije nikakohoa. Nilisikia kicheko jikoni, nikijua kabisa ni nani anacheka na nani anamezea kooni. Ukoko wote ukawa wangu, Shangazi aliujaza bakulini mwangu kila siku, na sikuwa na hamu nao hata kidogo. Upweke ule ulinikaa mwilini, haujanitoka wote mpaka leo.

Mwenzangu alikuwa panya. Kila jioni, nikianza kula, kitu kilikwaruza upande wa pili wa ukuta, taratibu, nami nikaanza kukisemesha. "Nawe umetengwa?" nilikiuliza. Nilikieleza habari za Mama, za Baba asiyerudi, za Kabula. Kilikwaruza tu, na mimi nikapata nguvu ya kumeza tonge.

Masika ikaja, ikapita, sikukohoa. Jioni moja Shangazi akaniita jikoni, akanisogezea bakuli la wote.

Juzijuzi tu nilimpeleka mjukuu hospitali Tabora mjini, nikamsimulia daktari. Akatabasamu. "Bibi, mkono kuvimba si kuumwa. Tena huenda hakikuwa kifua kikuu kabisa. Yule mdudu ana ukoo mkubwa, wengine wanaishi majini na matopeni. Wachache huingia mapafu ya watu dhaifu, lakini wengi hawana neno. Ukishakutana nao, kipimo kile huweza kuvimba vilevile. Wapo wanaosema ndiyo maana hata chanjo yenyewe haikingi sawasawa kila mahali."

Kumbe kambale! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikapanda basi kwenda Ipole kumwambia Kabula, ambaye sasa ni bibi kama mimi. Shangazi tulikwisha kumzika zamani. Kabula naye akacheka, mpaka nilipofika kwenye habari za panya.

"Panya gani?" akasema. Yule alikuwa mama yangu. Muda wote ule hakula nasi. Alitupakulia, akamlaza mtoto, akachukua bakuli lake akaenda kukaa nyuma ya ghala. Alisema mtoto wa kaka yake hawezi kula peke yake."

"Mbona hakunijibu?"

"Angekujibu, ungemwita aingie, naye angeingia. Na mtoto alikuwa ananyonya."

Shangazi alikuwa na msemo wake, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Niliusikia mara nyingi, nikaudhani ni maneno ya wazee. Sasa najaribu kukumbuka yote niliyomwambia panya yule. Moja silisahau, kwa sababu nililisema karibu kila jioni: kwamba Shangazi hanipendi. Alilisikia, akaendelea kukwaruza bakuli lake mpaka mimi nikamaliza kula.