Mzee wa Elburgon Alinionyesha Moyo Ulipo

Juzi hapa hospitalini Nakuru nilikuwa nampima moyo mzee mmoja mpasua mbao kutoka Elburgon. Nikamuuliza moyo unamsumbua wapi, akaweka mkono kifuani upande wa kulia. Mimi mjuaji nikaushika ule mkono, nikausogeza kushoto.

"Moyo uko hapa, mzee."

Akaniangalia, akajilaza, nami nikambandika waya za mashine ya kupima moyo upande wa kushoto.

Mashine ikatoa mistari iliyopinduka. Nikabadilisha waya, nikampangusa kifua tena, jasho likinitoka. Nikajua huyu ananifia mkononi. Nikakimbia kumwita daktari.

Daktari akamgusa kifua, akahamisha waya upande wa kulia, na mistari ikaja sawa. Akamuuliza kama alijua moyo wake uko huko.

"Tangu utotoni," mzee akasema. "Hata huyu nilimwekea mkono hapo, akautoa."