Usiku Nilioacha Kulala Kama Mtu wa Voi

Kwa miaka mingi nilikuwa nesi wa zamu ya usiku, na kazi yangu kubwa, ukiondoa sindano na dawa, ilikuwa kuwalaza watu. Nilijua kumgeuza mgonjwa, kupunguza taa, na kumtoa nje jamaa aliyekuja kupiga soga wodini. Nilipostaafu nikadhani sasa ni zamu yangu. Wapi! Usingizi ulinikataa katakata. Nilikuwa nasinzia kidogo, nashtuka, nakaa kitandani nikisikiliza malori ya barabara ya Mombasa, na asubuhi presha iko juu na mimi nimemnunia kila mtu, hata birika.

Kwa hivyo niliposema nataka kutembea na wifi yangu, dada ya mume wangu, tutoke Bura na mabegi mgongoni, tupande milima hadi Chawia, twende mpaka Wundanyi tukilala kwenye hema, binti yangu alinitazama kama mtu anayetafuta namba ya ambulensi. Safari hiyo mimi na wifi tulikuwa tumeahidiana tangu nilipoolewa. Yeye ni mzaliwa wa milimani. Mimi ni mtoto wa watu waliotoka bara wakaja kufungua duka Voi. Kila mwaka kulikuwa na jambo: mimba, zamu, matanga, karo. Sasa hakukuwa na jambo lolote. Kulikuwa na binti yangu tu.

"Mum, nyumbani kwa godoro la maana hulali. Kwa hema ndio utalala?"

"Nitalala."

"Sawa. Usiku wa kwanza nakuachia, wa kuzoea. Wa pili usipolala, asubuhi nakuja na gari kukuchukua. Na ni ndani ya hema, sio kwa nyumba ya mtu."

Nilikubali kwa hasira. Mimi niliyekuwa nikiwanyamazisha madaktari wodini, leo nawekewa masharti na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Lakini nilijua hatanii. Na nilijua kitu kingine, ambacho kiliniogopesha: nikirudishwa nyumbani mara hii, sitaachiwa kutoka tena. Nitakuwa yule mama anayeulizwa kila asubuhi kama amemeza dawa zake.

Siku ya kwanza tulipanda polepole kutoka Bura, tukipita mashamba ya kabichi na nyanya, wifi akisalimia watu kila kona kana kwamba anagombea kiti. Jioni tukatokea kwenye mgongo wa kilima ulio wazi, na pale palikuwa na upepo mzuri ajabu. Aliyewahi kulala Voi mwezi wa pili atanielewa. Kwetu upepo ni mali. Mtu akijenga, anauliza kwanza upepo unatoka wapi, ndipo anaweka dirisha. Nikatua begi, nikapiga hema langu.

"Hapa," nikasema.

"Hapa ndio unataka kulala?" wifi akauliza. "Na mlango umeuelekeza huko upepo unatoka?"

"Si ndio uingie."

Wifi alibeba hema lake akateremka, akalipiga chini kabisa nyuma ya vichaka, ambako sikuweza kumwona wala kumsikia. Nilimhurumia kwa joto litakalompata.

Kisha nikafanya yale ninayoyafanya kila siku ya maisha yangu kabla ya kulala. Nikaoga. Mtu wa Voi haingii kitandani bila kuoga. Jasho la mchana likikukaukia mwilini, umekesha. Nilikuwa nimeteka maji ya kijito kwenye dumu dogo, nikayamaliza yote yakiwa baridi vile vile. Nikajifunga leso bila kujifuta, maana kwetu leso yenye unyevu ndiyo feni. Chakula nikagusa tu, ndizi moja, kwa sababu tumbo zito na joto havipatani. Halafu nikaacha mlango wa hema wazi, nikatandika mkeka mwembamba tu ndani, jinsi tunavyoshuka kulala sakafuni joto likizidi, nikajinyoosha nikiwa nimeridhika kabisa na akili zangu.

Usiku huo nitausema kwa ufupi. Ukungu uliingia kwa ule mlango nilioufungua kwa mikono yangu. Ardhi ilininyonya joto kuanzia kisigino mpaka kisogo. Meno yaligongana mpaka nikaogopa kung'ata ulimi. Na kile kimya! Hakuna lori hata moja. Nilijikuta nangojea honi.

Asubuhi wifi alikuja na chai, uso umetulia, macho yanang'aa, akanikuta nimejikunyata na jaketi juu ya leso mbichi. Kabla sijashika kikombe, simu ikalia. Binti yangu.

"Usiku ulikuwa na hewa safi sana," nikaanza.

Wifi akanipokonya simu. "Huyu hajapata hata lepe la usingizi! Na alioga, unasikia? Jioni, huku juu, na maji ya mtoni!"

Nilimsikia mwanangu akishusha pumzi. "Anti, mwambie kesho asubuhi niko Chawia," akasema.

Wifi alinicheka njia nzima. Alikuwa akinyamaza kidogo, nadhani amemaliza, kisha mabega yanaanza kutikisika tena. "Wifi, wewe bado unalala Voi," akaniambia akijifuta machozi. Nilitamani kumrudishia begi la chakula nililokuwa nimembebea, alibebe mwenyewe. Miguu ilikuwa mizito, kichwa kinavuma, na kila nikipanda hatua chache nililiona lile gari likinisubiri na mlango wazi.

Lakini mimi hasira hunifungua akili. Nikaanza kuyapitia yote niliyoyafanya jioni, moja baada ya jingine: upepo, maji, leso, ndizi, mkeka. Hakuna hata moja ambalo halikuwa la kufukuza joto. Wodini, kabla sijamfunika mgonjwa au kumfunua, nilikuwa nauliza kwanza: unasikia baridi au joto? Wagonjwa wote hao niliwauliza, na mwili wangu mwenyewe sikuuuliza. Nilisimama katikati ya njia nikacheka kwa sauti, mpaka wifi akageuka kunitazama kwa wasiwasi.

"Leo nalala," nikamwambia.

"Eti?"

"Leo nalala mpaka unionee haya."

Tulifika Chawia jua bado liko juu, na safari hii nilichagua mimi, kwa makini. Niliukataa mgongo wa kilima. Nilikukataa na bondeni, ambako baridi hujikusanya. Nikaona boma lenye shamba lililokatwa ngazi-ngazi mlimani, na chini ya ukuta mmoja wa mawe, nyuma ya migomba, kipande cha ardhi kikavu ambacho jua la mchana kutwa lilikuwa limekipiga. Niliweka mkono kwenye mawe. Yalikuwa na joto. Tukabisha hodi, na mama mwenye boma akatukaribisha vizuri hata akataka kutupa chumba chenye kitanda na mablanketi mawili.

Nusura nikubali. Wifi alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Asante sana, mama," nikasema, "lakini nikilala kitandani nitakuwa nimeshindwa na mtoto."

Ilibidi tumweleze hadithi yote. Aliposikia habari ya kuoga alishika mdomo, akatuambia tuchukue majani makavu ya migomba kadiri tutakavyo. Niliyarundika mpaka yakanifika magotini, nikayakanyaga, nikapiga hema juu yake, mgongo wa hema ukielekea upepo. Nikaoga pale pale jua likiwaka, kwa maji moto, nikajifuta mpaka ngozi ikapata moto. Nikavaa nguo kavu ambazo sikuwa nimetembea nazo. Jioni tukasonga ugali mkubwa na maharagwe, nikala kama mtu anayelipwa, nikaongeza. Mwisho nikajaza maji moto kwenye chupa, nikaivalisha soksi, nikaiweka miguuni, kama nilivyokuwa nikiwawekea wazee wodini.

Wifi alipiga hema lake kando ya langu. Nilijilaza, nikahisi joto likitoka miguuni likipanda, na majani yakilia chini yangu kila nikijigeuza. Kilichobaki ni kile kimya. Nikakisikiliza, na hofu ikaanza kurudi: itakuwa kama jana, na asubuhi ni gari. Ndipo wifi akaanza kukoroma. Si kukoroma kwa bibi mstaarabu. Ni kukoroma kwa lori la simenti linalopanda mlima na gia nzito, linapumua, linabadilisha gia, linaendelea. Nilitabasamu gizani. Nilikuwa nyumbani. Sikumbuki lori la pili.

Nilichosikia baadaye ni watu wakigombana kwa kunong'ona.

"Anti, ni saa tatu! Nimekaa hapa tangu saa moja. Wacha nimwone tu kama anapumua."

"Sikia mwenyewe huo mlio. Aliyekufa hukoroma?"

"Mum hakoromi."

"Nani alikwambia? Hujawahi kumwona amelala. Na ukifungua hiyo zipu, utanijua mimi ni nani."

Nilibaki nimelala kidogo nikila raha. Saa tatu! Sijaamka saa tatu tangu nikiwa msichana. Kisha nikafungua zipu mwenyewe, nikatoka kwenye jua, nywele zimesimama, shavu moja lina alama za sweta nililolikunja kuwa mto. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, funguo za gari mkononi. Alilitazama lile shavu kwa muda mrefu.

"Mum, umelala," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Macho yalimjaa machozi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba usiku ule yeye ndiye aliyekesha. Nikamkumbatia, nikamwambia akanywe chai ya yule mama na ale, kisha arudi nyumbani akalale.

Alipowasha gari, nikamwita. Niliingiza mkono kwenye begi nikatoa ile leso ya usiku wa kwanza, bado mbichi, inanuka ukungu, nikampa kwa dirisha.

"Nenda nayo," nikasema. "Kaianike Voi. Huku haina kazi."

Akacheka, akaiweka kwenye kiti cha mbele, kile alichokuwa ameniwekea mimi. Gari likateremka kuelekea Mwatate. Mimi nikavaa begi, nikakaza mikanda, nikamwambia wifi atangulie njia ya Wundanyi.