Chai ya Fundi Rangi

Fundi anayepaka magari rangi nyuma ya ukuta wa mama mmoja mwenye mtoto mchanga hashiki bomba la kupulizia kabla hajafunika chai yake kwa kisahani na kujifunga barakoa. Ndani ya kopo rangi yake ni nzito kama uji. Ikitoka bombani inakuwa ukungu, inaruka ukuta, na jioni nepi zilizoanikwa zimekakamaa kwa madoa ya buluu. Leo, kifua cha mtoto kikikoroma, mama alimpelekea nepi moja.

"Shemeji, mwanangu anaivuta hii!"

"Mama mtoto, rangi yangu iko kwangu. Kwani ina miguu?" Akacheka, vidole vyake vya buluu vikitafuta kisahani.

Mama akakiwahi. "Kama haina miguu, chai unaifunikia nini? Haya, puliza rangi chai ikiwa wazi, halafu uinywe nikuone!"

Fundi alikitazama kikombe. Bomba akaliacha chini lilipokuwa.