Mkaguzi Asiye Mtani

Jamani, haya nisingeyasema kama hamngekuwa watu wangu, maana mpaka leo treni ikisimama Igalula mimi najifunika uso kwa gazeti. Enzi za ujamaa nilipelekwa kijiji kimoja jirani na hapo kufundisha kisomo cha watu wazima, na kazini nilikuwa bado sijathibitishwa, namngoja mkaguzi aje awasikie akina mama wakizungumza Kiswahili. Shida ni kwamba walikuwa hawazungumzi! Nyumbani Kinyamwezi tu, darasani wanainamisha vichwa wakiogopa kuchekwa. Basi nikajifanya mjanja (na ujanja ndio ulioniponza): mimi Mzaramo, wao Wanyamwezi, watani tangu misafara ya pembe za ndovu, nikawaambia wanitukane watakavyo, mradi kwa Kiswahili, na kila atakayesema tutampigia makofi. Wee! Midomo ikafunguka. Mama Kalunde, ambaye hata jina lake alikuwa akilinong'ona, ndiye akawa bingwa wa kunichamba.

Siku ikafika, mkaguzi akaja, Mpare mmoja mnene, kofia yake nzuri kichwani, mtu wa adabu zake. "Haya akina mama, semeni nami." Vichwa vyote vikainama. Nikaona kazi inaniponyoka hivi hivi, nikamnong'oneza Mama Kalunde, "Usiogope, mchukulie kama mimi." (Na Wapare na Wanyamwezi hawana utani hata wa dawa, ila kwa kiwewe sikulikumbuka hilo.)

Akasimama. "Shikamoo mzee. Babu zetu walibeba pembe mpaka pwani, lakini tumbo kama hili wangelitupa njiani!"

Makofi! Nikamkonyeza anyamaze, yeye akadhani namtia moyo, akamwendea mkaguzi, akamvua kofia na kuivaa mwenyewe, kama watani wanavyotekana vitu. "Tumekuteka! Jikomboe kwa tumbaku!" Vigelegele vikapigwa, mimi jasho linanitiririka mpaka viatuni.

"Nani amewafundisha haya?" mkaguzi akauliza.

"Mwalimu!" darasa zima likajibu, kwa Kiswahili safi kabisa.

Akaitwaa kofia yake, akaipangusa polepole. "Wanafunzi wamefaulu," akaniambia. "Wewe utaendelea na majaribio." Akapanda gari, akaenda zake.

Nilipomweleza Mama Kalunde kwamba yule hakuwa mtani, akashika mdomo. "Pole, baba. Lakini umeniona? Sikutetemeka hata kidogo!"

Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka mpaka machozi. Ila niliapa: mgeni yeyote akiingia darasani kwangu, hata kabla sijampa kiti, namuuliza kabila lake.